Vinu vya Makimbilioni

Juzi nimeletewa mchi wa dada Halima. Aliyeuleta ni binti wa jirani yetu wa Palma, aliyerudi kule kutazama kama nyumba zetu bado zina kuta. Jikoni kwa dada hakukuta kitu ila huu mchi na kinu chake, na kinu kilimshinda kwa uzito. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akanipa pole, akaaga haraka. Nadhani aliogopa nisije nikalia mbele yake. Sikulia. Niliulaza mchi kwenye mkeka, nikavaa miwani, nikaukagua toka huku mpaka huku: pale mkono unapokamata, palivyolainika; kovu la moto ubavuni; na kichwa chake, kilivyopasuka. Wajukuu wakacheka, wakaambiana bibi anasoma mchi. Na kweli nilikuwa nausoma. Kusoma vitu nilifundishwa, tena na Mreno, mwaka mmoja wa vita ile ya kudai uhuru, mwaka ambao mpaka leo nikisikia buti likikanyaga kokoto nageuka kutafuta pa kujificha. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, tuziache, hazina faida hapa. Jueni tu kwamba nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, naitwa Mwanaisha, Kireno nilikiokota jikoni kwa mke wa mkuu wa posta, yaani ofisi ya utawala wa Wareno, si ya barua, nilikokuwa nikiosha vyombo, na Halima alikuwa dada yangu wa pekee.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye ghuba ya Tungue, upande wa kuelekea Quionga, na mwaka ule kilikuwa kimezungushiwa seng'enge. Wareno walikiita aldeamento, sisi tulikiita zizini. Tropa, yaani askari wao, walitukusanya humo toka vitongoji vyote ili tusiwapelekee chakula vijana wa msituni. Kutoka kwenda kuokota chaza au kutafuta kuni kulikuwa kwa ruhusa, kundi kwa kundi, na bunduki nyuma yenu. Mume wa Halima alikuwa ameshavuka Ruvuma kujiunga na wapiganaji. Wake wa watu wa namna hiyo walianza kuchukuliwa mmoja mmoja, wakapandishwa gari, na hatukumwona hata mmoja akirudi. Halima hakulingoja gari. Siku moja ya kuni aliingia kichakani na watoto wake wawili, hakutoka. Sisi tuliobaki tukapiga mayowe kwamba wameliwa na chui, tukaweka na matanga. Nililia sana kwenye matanga yale, na wala sikuwa naigiza, ingawa jana yake tu nilikuwa nimemwachia mpunga kwenye mizizi ya mikoko. Hofu nayo inajua kulia.

Alikuwa Makimbilioni. Ni ng'ambo ya hori, ule mkono mwembamba wa bahari, nyuma ya mikoko, msitu wa miiba ulioota juu ya miamba ya matumbawe, na ndani ya miamba kuna mapango ya kulaza watu. Jina lenyewe ni la zamani. Enzi za mababu wa mababu zetu walikuja Wasakalava kutoka Bukini, kisiwa kile kikubwa ambacho sasa kinaitwa Madagaska. Maharamia, kwa mitumbwi isiyohesabika, wakachoma miji ya pwani hii na kubeba watu kwenda kuwauza. Waliowahi kukimbia walijificha pale. Sisi tulizaliwa tukilijua jina hilo kwa namna mtu anavyojua njia ya kisimani, bila kulifikiria. Halima ndiye aliyelifikiria.

Sasa niambieni, vita imepamba moto, watu wanalala na viatu, ni nani atafunga safari kuja kwetu kuuliza habari za Wasakalava? Alikuja. Dotori Anselmo, Mreno mrefu mwenye shingo nyekundu, daktari asiyetibu mtu, maana udaktari wake ulikuwa wa mambo ya kale. Mkuu wa posta akampa darasa la shule, ambalo halikuwa na wanafunzi tena, na akampa mimi niwe mkalimani. Madawati yalisukumwa ukutani, katikati ikawekwa meza, na juu ya meza akapanga mali yake: shanga nyekundu na za kijani, tufe la mzinga lililoliwa na kutu, vipande vya sahani zenye maua ya buluu, meno ya watu ndani ya kikopo cha sigara. Alikuwa pia na nakala za barua ambazo watawala wa Kireno wa kisiwa cha Ibo waliandika wakati wa uvamizi wakiomba waletewe baruti. Alinisomea barua hizo huku anatafuna sardini za kopo na mkate mkavu. Mimi nilikuwa nakula wali wangu wa nazi kwenye bakuli, nikaona anautazama kwa jicho la mgonjwa, basi kuanzia siku ya pili nikaja na bakuli mbili. Akanifundisha kazi kwa kulipa ule wali. Barua, alisema, imeandikwa na mtu anayetaka kitu. Kipande cha sahani hakitaki kitu. Basi kitazame kwanza pale kilipolika, halafu pale kilipovunjika, ndipo uulize ni kazi gani iliyokifanya hivyo. Nikajifunza kuijua shanga iliyovaliwa na ile iliyozikwa mpya. Nilikuwa na jicho zuri, si kujisifu, na alinisifu yeye. Sikumchukia mtu yule. Alikuwa na furaha ya mtoto, na furaha yake hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko ukali wa wengine, kwa sababu mwenye furaha anasema kila kitu.

Alasiri moja alifika alferes, yule ofisa kijana aliyesimamia tropa wa zizini, kuja kunywa kahawa. Nilikuwa nyuma ya kizuizi cha makuti nikiosha vikombe. Mwanzoni walizungumzia joto. Kisha nikamsikia alferes akiuliza, kwa sauti ya mzaha, hao watu wa zamani walikuwa wakijificha wapi wakivamiwa, maana weusi hawa hujificha walikojificha babu zao. Dotori akacheka, akasema habari hizo zimekufa siku nyingi. Lakini hakuweza kunyamaza, masikini. Akaongeza kwamba barua moja inataja miamba ng'ambo ya hori, na kwamba angetoa jicho lake moja apate kuiona. Alferes akamwambia akiijua tu amwarifu, atampa askari wa kumsindikiza. Niliosha kikombe kilekile mpaka maji yakawa meupe. Hapo ndipo nilipoelewa ninafanya kazi gani: nilikuwa namsaidia mtu kuutafuta mlango wa dada yangu.

Toka siku hiyo nikawa mkalimani mwenye ulimi mzito. Wazee wakitaja hori, mimi nilisema mto. Wakitaja miamba, nilisema mchanga. Nilifanya hivyo huku jasho linanichuruzika mgongoni, maana Dotori alikuwa akiokota neno la Kiswahili hapa na pale, na sikujua ameshaokota lipi. Na ningeweza kwenda hivyo mpaka achoke arudi kwao, kama si Bi Mwanacha. Huyu alikuwa kungwi wetu, bibi mtafuna tumbaku, mwenye maringo ya mwari na mdomo usio na breki, na yeye ndiye aliyesimamia siku ya kulaza vinu. Kila mwaka karibu na mfungo, siku moja hatutwangi. Vinu vinalazwa ubavu uani toka alfajiri hadi magharibi, tunakula muhogo wa kuchemsha, kuwakumbuka waliochukuliwa na Wasakalava kwa sababu mwanamke mmoja alitwanga akasikika kabla mitumbwi yao haijaondoka. Tulimsihi Bi Mwanacha, mwaka huu tuache, mambo yamekaa vibaya. Akatuuliza kama waliochukuliwa nao wameacha kuchukuliwa. Basi tukalaza.

Lo, tulikosea. Tropa walikuwa wamezoea kuamka kwa vinu vyetu kama watu wengine wanavyoamka kwa jogoo. Asubuhi ile waliamka wakasikia kimya, kijiji kizima, hakuna mchi unaogusa kinu. Wakaamini tumepashwa habari kwamba wapiganaji wanakuja kuwashambulia. Wakaingia mahandakini, na wasipoona mtu wakatoka na hasira, wakatukusanya wanawake wote mbele ya posta, tukaketishwa juani, na watoto waliotaka maji wakakatazwa. Alferes alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Aliniita nisimame kati yake na wenzangu, akauliza ni nani aliyetuambia. Tukasema hakuna. Akauliza tena akiwa ameshika bastola, hakuielekeza kwa mtu, aliipapasa tu, na mimi nikarudi nyuma hata nikamkanyaga kabo mguu. Kabo ni cheo, koplo kwa wengine. Huyu alikuwa Mmakua wa Nampula, jina lake Amisse, mtu mnene asiyesema. Bi Mwanacha akainuka na tumbaku yake shavuni. Akaeleza yote: Wasakalava, mwanamke aliyetwanga mapema, siku ya kulaza vinu. Na kwa sababu aliona mkalimani nababaika, akaeleza zaidi ili aaminike. Akasema kule mafichoni watu walichonga vinu ndani ya mwamba, chini, ili mlio uishie ardhini. Viko mpaka leo, ng'ambo ya hori.

Dotori alikuwa amefika mbio na kalamu sikioni. Hilo la ng'ambo ya hori alilisikia mwenyewe, kwa Kiswahili, sikuwa na la kuficha. Uso wake ukawaka. Akamshika alferes bega, akamwambia waachie hawa wanawake, wanasema kweli, ni ileile habari ya barua. Basi tuliachiwa kwa ajili ya Halima, yaani kwa kumuuza Halima, na Bi Mwanacha alipogundua alichokifanya tumbaku ilimtoka mdomoni. Lakini alikuwa amesema na jambo lingine, na hilo nilikuwa nimelimeza. Alisema wazee wasioweza kukimbia walikuwa wakibaki mjini, na waliojificha walikuwa wakisikiliza vinu vyao asubuhi. Kinu chenye nafaka: shari imepita, rudini. Kimya: ngojeni. Kinu kitupu: wanakuja huko, kimbieni mbali. Sikulitafsiri. Si kwa werevu, wallahi. Koo lilikuwa limekauka tu, nikakohoa, na nilipomaliza kukohoa Dotori alikuwa ameshaanza kuuliza lingine.

Safari ikapangwa kuwa kesho yake, jua likishatoka. Na alferes akatoa amri, toka sasa kila alfajiri vinu vyote vitwange, asisikie kimya tena. Ruhusa ya kutoka ilifungwa. Magharibi ile tulikaa uani kwa Bi Mwanacha, wanawake wachache tuliojua, hakuna aliyekula. Nikamkumbusha habari ya kinu kitupu, ambayo Halima pia alifundwa naye alipoolewa. Wenzangu wakanitazama vibaya. Kwetu kutwanga kinu kitupu ni mkosi mkubwa, unaita njaa na mauti. Mtoto akijaribu kwa mchezo anapigwa kofi kabla hajanyanyua mchi mara ya pili. Mmoja wetu alikuwa mjamzito, akasema yeye hawezi, na sikumlaumu. Bi Mwanacha akainuka, akavisimamisha vinu vyake vilivyolazwa, kimoja kimoja.

"Mkosi umeshaingia, mwanangu," akasema. "Unatembea na buti. Kesho twangeni vitupu."

Alfajiri tulitwanga. Hata yule mjamzito alitwanga. Mchi juu ya mbao tupu hauna mlio wa chakula. Ni mkavu, unagonga na kurudi mkononi mpaka kwenye meno. Kila nilipoinua niliona aibu, na kila niliposhusha nilimwambia dada moyoni, sikia, sikia, toka. Askari getini walikuwa wanapiga miayo. Alferes alipita na bilauri ya kahawa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwamba leo kijiji kiko sawa. Ni kabo Amisse peke yake aliyesimama kidogo karibu na ua wetu, akainamisha kichwa, kisha akaenda zake. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nawaza kama upepo unavuma upande gani.

Tukavuka hori maji yalipokupwa. Mbele askari na kabo Amisse, kisha alferes, kisha Dotori na chekeche lake, kisha mimi. Miiba ilinichana miguu na sikuisikia. Nilikuwa naomba dua moja tu, nisikie ndege wakiimba, maana ndege wakiimba hakuna mtu. Tulipofika kwenye pango la kwanza ndege walikuwa wanaimba, na nusura niketi chini. Vinu vilikuwepo. Mashimo ya mviringo yaliyochongwa kwenye sakafu ya mwamba, kuta zake laini kwa kazi ya mikono mingi, mfululizo toka mlangoni hadi gizani. Dotori alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye la kwanza, akatoa shanga moja nyekundu, na machozi yakamtoka. Akaniambia nitazame palipolika. Nikatazama. Lakini jicho langu, lile zuri alilolisifu, lilikuwa limeshafika kwenye kinu cha mwisho. Kilikuwa na pumba. Pumba ya mpunga, mpya, ya manjano, na kando yake unyayo mdogo wa mtoto kwenye vumbi. Nikapiga hatua kwenda kuukanyaga ule unyayo.

Kabo Amisse alinitangulia. Alikwenda taratibu, buti lake likatua juu ya unyayo, akachuchumaa, akachota pumba kidogo kwa vidole, akaisugua, akainusa. Alferes akamuuliza ni nini hicho.

"Kinyesi cha popo," akajibu kabo.

Alferes akakunja pua akarudi nyuma kwenye mwanga. Dotori hakusikia chochote, alikuwa anapima mdomo wa kinu kwa kamba. Askari walitazama mapango mengine bila bidii, wakarudi wakisema patupu, na tukavuka hori tena kabla maji hayajajaa.

Sasa mtu atadhani hofu iliishia hapo. Ilianza. Siku ya pili yake nilikuwa kwenye kisima cha zizini peke yangu, nikaona kivuli kinene juu ya ndoo yangu. Kabo alisimama akitazama baharini, akazungumza nami kwa Kiswahili chake cha Kimakua, pole pole.

"Mama yangu anatwanga," alisema. "Dada zangu wanatwanga. Jana asubuhi vinu vyenu vilikuwa vitupu." Kamba iliniponyoka ikaingia kisimani na ndoo yake. Akaongeza, "Yule mwenye watoto, mwambieni pumba aifukie." Akaenda zake.

Nilishindwa kujua nimepewa msaada au nimewekewa mtego. Ningemshukuru, ningekuwa nimekiri. Ningekana, ningekuwa nimemtukana. Mwaka mzima uliobaki niliishi hivyo, nikimwona mtu yule kila siku getini na kujiuliza leo ameamkaje, je, amekunywa, je, amegombana na mkubwa wake, je, ataitaka ile siri imnunulie kitu. Nilikonda hata kina mama wakaniuliza kama nimepata ugonjwa wa kifua. Hakusema. Akahamishiwa bara, kwenye nyanda za juu ambako vita ilikuwa kali zaidi, akapanda lori akiwa ametazama mbele, na sikumsikia tena. Miaka hii yote namwombea, na mpaka leo sijui nimwombee kama aliye hai au kama marehemu. Dotori naye aliondoka na masanduku yake, akalia kidogo kwa ajili ya wali wangu. Habari ya Halima ilinifikia baadaye sana, kwamba alisikia vinu, akawabeba watoto hata moto hakuuzima vizuri, akalala mikokoni majini mpaka kiunoni, kisha akavuka Ruvuma. Alirudi baada ya uhuru. Siku aliporudi aliniuliza kwanza ni nani aliyekuwa anatwanga vibaya vile kuliko wengine. Nikasema mimi. Tulicheka mpaka tukashikana.

Kitabu cha Dotori nilikiona, mtu mmoja aliniletea. Barua zimo, shanga zimo, vinu vya mwambani vimo na picha. Kinu kitupu hakimo. Nilikuwa nikilikumbuka pengo lile kwa majivuno kidogo, mpaka vita hii ya sasa ilipoingia Palma, mji wa ghuba ileile tulikohamia baada ya uhuru. Tulikimbia, mimi na wajukuu na majirani, na miguu yangu ya kizee ikanipeleka ng'ambo ya hori bila kuniuliza. Halima hakuja. Miguu yake ilikuwa imevimba, alikataa kubebwa, akasema atawachelewesha watoto, akajifungia jikoni kwake. Tulilala kwenye mwamba. Asubuhi ikawa kimya, na asubuhi nyingine kimya. Kisha alfajiri moja kinu kikalia upande wa mjini. Wanaume wakainuka kwa furaha, wakasema watu wamerudi, wanapika, twendeni nyumbani, na mkwe wangu alikuwa ameshamweka mtoto begani. Nikawaambia nyamazeni. Nikasikiliza. Ulikuwa mlio mkavu, unagonga na kurudi.

Nikawaambia tuondoke, si kurudi, tuelekee Ruvuma, sasa hivi. Walinibishia. Niliwatukana, mimi bibi yao, matusi ambayo hawakujua nayajua. Tukaondoka. Wavamizi waliokuwa wakitutafuta waliingia Makimbilioni siku hiyohiyo. Tuliuona moshi tukiwa mbali. Na nyuma yetu, njia nzima mpaka sikio liliposhindwa, kinu kilikuwa kinalia.

Dada hakuonekana tena. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, wamenipa pole kwa ujumla tu. Basi ndiyo maana nimevaa miwani. Mchi unaotwanga nafaka hulainika kichwa, ukawa mviringo, kwa sababu mpunga unaupokea. Huu wa Halima una mviringo huo, wa miaka mingi, na juu ya mviringo huo kuna mpasuko mpya, mweupe, umepanda toka kichwani mpaka karibu na pale mkono unapokamata. Mbao ilikuwa inapiga mbao. Mchi mgumu wa namna hii haupasuki hivyo kwa kupigwa kidogo. Nimeupima mpasuko kwa shubiri yangu, nikarudia, nikawaita wajukuu waje waushike, mmoja mmoja. Dada yangu alitwanga muda mrefu sana.